Kiatu Kisichoumiza Kiumbe

Kitendawili. Mchana kutwa wanakwenda pamoja, usiku wanalala mdomo wazi.

Mmeshindwa? Ni viatu. Sasa sikilizeni habari ya viatu vilivyonitia uchungu.

Siku moja nilikuta shati linaungua chini ya pasi. Moshi umejaa sebuleni. Binti yangu ameipa pasi mgongo, anakunja mashuka, ametulia tuli.

"Wewe, husikii harufu?"

"Harufu gani, mama?"

Ndipo nikajua pua ya mwanangu imekufa.

Anafanya kazi kiwanda cha viatu, chumba cha gundi. Daktari alimwambia atoke humo kabla mapafu hayajaifuata pua. Akasema atafikiria.

Jumapili, wifi yake akatutembelea. Tunamwita Bibi Majani, maana hanunui kitu kisichochorwa jani. Alivaa viatu vipya, na kikaratasi cha dukani kinaning'inia, hajakikata makusudi.

"Mama, hebu soma mwenyewe."

Nikavaa miwani. Chini ya jani la kijani pameandikwa: Hakuna ngozi ya mnyama. Hakuna kiumbe aliyeumizwa.

"Nilishashika pea nyingine, nzuri tu, tena ya bei nafuu," akasema. "Nilipoona haya maneno, nikairudisha. Roho ilinisuta."

"Kumbe siku hizi ng'ombe ana wakili," nikamwambia.

Akacheka mpaka akajifuta machozi.

Binti yangu hakucheka. Aliomba kimoja, akakigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa soli. Akakirudisha.

"Vimekupendeza, wifi."

Nikamfuata jikoni.

"Ni vya kiwandani kwetu," akaninong'oneza. "Ngozi ya ng'ombe tulikuwa tunaishona. Hii ya plastiki sindano inaichana, kwa hiyo ni gundi tu, juu ya gundi. Tangu ng'ombe apumzishwe, tunashinda kwenye mvuke wa gundi."

"Kwani wewe si kiumbe? Mbona humwambii?"

Akafungua bomba, akaanza kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Wakati wa kuaga, Bibi Majani akasema kesho atawaonyesha wenzake wote wa ofisini.

"Waonyeshe, wifi," binti yangu akamwambia, amemshika mkono. "Waambie wanunue."

Nilitaka kupasuka.

Wajukuu zangu mnaonisoma, kikaratasi kikiwaambia nani hakuumizwa, ulizeni na yule ambaye hakikumtaja. Mimi niliuliza, na jibu lake ndilo hili.

Mlango ulipofungwa nilimgeukia. "Umemsifia kitu kinachokuua. Kwa nini?"

Akakaa. Akakohoa, akasubiri kikohozi kimwache.

"Kabla ya hilo jani, viatu vyetu vilikuwa havinunuliwi. Walishaanza kutupunguza kazini, mama. Nikisema, wifi atavivua, na wenzake watavivua. Halafu mimi na wanangu tutakula nini? Hewa safi?"