Sheria Hazikatazi

Wanafunzi walimwita Mwalimu Mizani, kwa sababu hata utani aliupima kabla ya kuutoa. Alikuwa amefundisha fizikia miaka ishirini na sita katika maabara ileile, yenye sinki lililoziba na dirisha lisilofungika.

Mkewe, fundi cherehani, alianguka kazini siku ambayo Mwalimu alikuwa anasimamia mtihani. Simu yake aliizima, akaifungia drooni. Alipoiwasha saa nane mchana, alikuwa ameshakuwa mgane. Msibani watu walimwambia maji yakimwagika hayazoleki. Aliitikia tu.

Wiki ya tatu akarudi darasani. Somo lilikuwa mwendo. Akawaonyesha video ya gololi mbili zikigongana na kuachana, kisha akaicheza kinyumenyume.

"Ipi ya kweli?"

Darasa likagawanyika.

"Msigombane, mnabahatisha," akasema. "Sheria za mwendo hazijali kama wakati unaenda mbele au unarudi nyuma. Hesabu ni zilezile."

Msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Kwa hiyo, Mwalimu, sheria hazikatazi mambo kurudi yalivyokuwa?"

"Hazikatazi."

"Sasa mbona hayarudi?"

Mwalimu akadondosha tone la wino kwenye glasi ya maji. Likatanda taratibu, maji yote yakawa bluu.

"Kila chembe humu ina ruhusa ya kurudi ilikotoka. Lakini ni nyingi mno, na lazima zigeuke zote kwa pamoja, bila hata moja kukosea. Utasubiri mpaka..."

Akabaki ameikodolea macho ile glasi. Kengele ilipolia, wanafunzi walitoka kwa kunyata.

Jioni binti yake alimpakulia chakula. Hakukigusa.

"Mama yako alinitafuta siku ile?" Swali hilo alikuwa amelikwepa wiki zote tatu.

Binti akavuta kiti, akakaa. "Hapana, baba. Alisema, 'Msimsumbue, ana mtihani.' Mimi ndiye niliyekupigia, kwa kujiiba."

"Mara ngapi?"

"Kula kwanza, baba."

"Mara ngapi, mama?"

"Kumi na moja."

Binti akataka kumshika mkono, lakini baba yake alikuwa ameshasimama, anatafuta koti, kana kwamba kuna mahali anawahi.

Muhula uliofuata alimwomba mwalimu mwenzake amfundishie mada ile. Alipoulizwa sababu, alisema ameisahau.