Tundu la Basi Namba Nne

Verna Gagne ni dada wa mke wangu, kwa hiyo nina haki ya kumsema: mwanamke yule hatulii. Ni kiguu na njia tangu nimjue. Mkate wa tufaha anaula amesimama, simu anaipokea huku akizunguka meza, na kanisani hukaa benchi la mwisho ili awe wa kwanza kutoka. Kiti kimoja tu kilimweza, cha dereva wa basi la shule namba nne, alilolipandisha na kulishusha Kilima cha Kettle kwa miaka thelathini na mmoja. Lilikuwa basi la dizeli, kelele tupu na moshi mweusi, na fundi wake ni mimi, Alden, wa gereji ya mji. Nimelala chini ya basi lile zaidi kuliko nilivyolala kwenye sofa langu.

Kisha bunge la jimbo letu la Vermont likapitisha sheria. Sheria ile ile iliyojaza paneli za jua kwenye shamba la mahindi la jirani yangu ilisema pia kwamba mji wowote ukikubali, jimbo litausaidia kupata basi la umeme, kwa sharti moja: basi la dizeli linaloondolewa litobolewe injini, tundu la upana wa ngumi, lisifufuliwe wala kupelekwa mji mwingine. Sharti hilo ndilo lililomchoma Verna.

"Si listaafu tu," aliniambia. "Likae nyuma ya gereji, theluji iliangukie. Kwa nini litobolewe kama jambazi?"

"Sheria, shemeji. Wanajua wakiliacha zima utaliiba."

"Nitaliiba kweli."

Jumanne ya kwanza ya Machi, kama desturi yetu, mji mzima ulikutana ukumbini kuamua mambo yake, kuanzia chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani hadi hilo la basi. Mwenyekiti, Bi Whitcomb, alitaka wanaokubali waseme ndiyo, halafu wanaokataa waseme hapana. Sauti zikalingana. Basi akatuamuru tugawanyike kwa miguu, wanaokubali waende upande wa jikoni, kwenye masufuria ya maharage ya mchana, na wanaokataa waende upande wa mlango. Kwetu kura haina siri. Kila mtu anamwona jirani yake alikoelekea, na kinyongo kinaanzia hapo hapo.

Verna alikuwa anaranda katikati ya ukumbi, akiwatolea macho watu.

"Alden, unaenda wapi?"

"Kwenye maharage."

"Basi ndiyo hayo hayo utakayokula mwaka mzima, maana kwangu usikanyage."

Sikurudi nyuma. Nilikuwa nimechoka kulala juu ya barafu ya Januari na spana mkononi. Tukawashinda, sitini na mmoja kwa hamsini na wanane, na shemeji yangu hakunisemesha mpaka tope la barabarani lilipokauka, yaani Mei.

Basi jipya lilianza kazi Jumatatu moja ya Oktoba, na kuna jambo moja sote tulikuwa tumelisahau, nami fundi mzima naona aibu kulisema. Kilimani hakuna aliyewahi kulitegea basi saa. Namba nne likifika darajani, Verna alikuwa anapunguza gia, injini inanguruma, na kilima kizima kinasikia. Hapo mtoto anamalizia chapati yake ya asali, anavaa buti, anateremka hadi barabarani bila haraka. Wazazi wao walilelewa hivyo hivyo. Jumatatu hiyo basi lilipanda kimya kabisa. Verna alisimama kila kituo, akangoja dakika inayoruhusiwa, akaondoka. Kati ya watoto kumi na mmoja alifika shuleni na wawili. Waliobaki walikuwa jikoni kwao, wametega masikio.

Mchana Orrin Pratt akaingia gereji amefura. Orrin anakata mbao kilimani, na yeye mwenyewe alipanda namba nne tangu chekechea hadi alipomaliza shule.

"Binti yangu amekaa na buti mguuni mpaka saa tatu."

"Si ungemtazamia saa?"

"Saa ya nini? Mimi nimesoma mpaka nikamaliza, saa sina."

Alikuja na karatasi. Bodi ya shule ilikuwa imekubali kwamba mpaka Ijumaa saa sita mchana mji unaweza kubadili nia na kulirudisha basi jipya, mradi injini ya zamani haijatobolewa. Na bodi ingemsikiliza mtu mmoja tu, dereva. Verna akiweka saini kwamba basi la umeme haliwezi kukihudumia kilima, namba nne linarudi barabarani.

Verna alipolileta basi gereji jioni, aliichukua ile karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni. Alikuwa anacheka.

"Hiyo drili yako ya kutobolea injini ifiche, Alden."

"Weka saini basi, tujue moja."

"Nitaimaliza wiki kwanza. Sitaki waje waseme sikujaribu."

Wiki hiyo alitutia wazimu. Alipita nyumba hadi nyumba kuwatajia watu dakika za basi, akitoka huko anakuja gereji, analizunguka namba nne, anapangusa kioo, anaondoka, anarudi. Mke wangu alimpikia supu akainywa akiwa mlangoni. Kufikia Alhamisi watoto wote kumi na mmoja walikuwa wanangoja barabarani, wanatetemeka na kununa, na karatasi ilikuwa bado mfukoni haina saini.

Alhamisi hiyo nilipanda naye kuangalia betri inavyokabili mlima. Nilikaa nyuma yake. Ndani kulikuwa kimya hata nikawa nasikia mtoto anamenya chungwa. Tulipovuka daraja nikasikia kitu kingine, mluzi mwembamba, unakuja na kupotea.

"Unasikia?" Verna akasema, na furaha yake haikujificha. "Wiki haijaisha, limeshaharibika."

Nikapiga magoti. Nilitega sikio sakafuni, nikagusa mpira wa mlango, nikasikiliza chini ya kiti. Sikupata kitu. Maeve, binti wa Orrin mwenye miaka minane, alikuwa ananitazama kutoka kiti cha mbele.

"Ni Bi Verna huyo," akasema.

"Mimi nimefanya nini?"

"Kifua chako. Ukizima basi pale shuleni huwa tunakisikia."

"Tangu lini?"

"Tangu niko chekechea. Nilidhani madereva wote wanapumua hivyo."

Kwenye kioo nilimwona Verna anabana pumzi, na mluzi ukakatika. Akaiachia, ukarudi. Akajaribu tena. Niliumia, sifichi. Bomba la moshi la namba nne lilikuwa linavuja miaka na miaka, nikiliziba huku linatoboka kule, na mimi na yeye tulikuwa tunafungua dirisha na kufanya utani.

Ijumaa alikuja kabla ya saa sita. Alilizunguka namba nne mara mbili, akafunua boneti.

"Karatasi umetia saini?" nikamuuliza.

"Kumi na mmoja, Alden."

"Kumi na mmoja nini?"

"Watoto. Wakitoka hao wanaingia wengine. Miaka yote hiyo, na madirisha ya kwao nyuma tunayafunga kwa sababu ya baridi. Tangu jana najaribu kuwakumbuka mmoja mmoja."

"Shemeji, hukujua."

"Nilikuwa napangusa masizi kwenye kioo cha ndani kila Ijumaa. Nipe hiyo drili."

Nikampa. Chuma kile ni kigumu, na alipumzika mara tatu, ameegemea boneti, kifua kinapiga mluzi. Nilitaka kumpokea akanisukuma kwa kiwiko. Hatimaye drili ikazama upande wa pili na mafuta meusi yakaanza kutiririka sakafuni.

Alipoizima tukamwona Orrin amesimama mlangoni. Alikuwa amepanda mteremko wa gereji mbio ili awahi, anahema.

"Verna, umefanya nini? Saa sita bado."

Verna aliweka drili chini akamwendea. Orrin akafungua mdomo aendelee, naye akamwekea kiganja kifuani.

"Nyamaza kidogo," akamwambia. "Pumua nisikie."

Orrin akapumua. Hata mimi, niliyekuwa upande wa pili wa basi, niliusikia mluzi.