Kibanda cha Mgongoni na Pikapu Tatu

Mvua ikikaribia, nyonga yangu ya kulia huanza kuuma, na ikianza kuuma nawakumbuka watu watatu. Wa kwanza ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Wa pili ni dalali wa magari anayeshinda pale kwenye maduka ya pembejeo. Wa tatu ni fundi springi wa njia ya Endabash. Majina yao siandiki. Karatu ni ndogo, na wao wanajijua.

Shemeji ndiye aliyenunua kile kibanda. Kilikuwa cha wageni wawili, mume na mke, waliozunguka nacho nchi nyingi mpaka wakachoka. Ni chumba kamili, kinaingizwa kwenye bodi ya pikapu kama droo kwenye kabati. Kitanda kinapita juu ya kabini, na nyuma, karibu na mlango, kuna jiko, mtungi wa gesi na tangi la maji. Watalii wanalala humo porini bila kupiga hema. Gari lao walishaliuza kwa mtu mwingine, kwa hiyo kibanda kilifika kwa lori, wanaume kumi wakakishusha, na shemeji akaanza kutafuta pikapu ya kukibeba, awe anapeleka watalii porini. Dereva nilikuwa mimi. Shule niliacha darasa la tano, lakini usukani nimeushika tangu sijaota ndevu.

Sasa, kwetu gari la mzigo linapimwa kwa gunia. Hakuna anayekuuliza kilo. Dalali alituletea pikapu ya dabo kabini, yenye viti safu mbili, nyeupe, inang'aa, akasema, "Bosi, hii inapanda mlima wa Mbulumbulu na gunia kumi na mbili za lumbesa, zile za kufurika, huku inaimba."

"Na kibanda ni gunia ngapi?" nikamuuliza.

Akakizunguka, akakigonga ubavuni kama anachagua tikiti maji. "Kitupu hiki. Gunia nane. Tisa, kikizidi sana."

Basi tukapakia gunia tisa za mahindi, tukapanda Mbulumbulu, tukashuka. Gari halikulalamika. Fundi akaongeza springi moja kila upande, akafuta mikono, akasema, "Sasa hata mpakie kanisa."

Kibanda kilipoingizwa niliona bodi ni fupi. Mlango wake ulibaki nje, ukining'inia hatua nzima. Nikasema. Shemeji akanijibu, "Wewe umezoea malori, shemeji. Hii ni ya kisasa." Nikanyamaza. Hilo nalo naliandika, isije ikaonekana nawasingizia wenzangu tu.

Kabla ya wageni wa kwanza nilikwenda peke yangu kuijaribu njia ya Endulen, tangi likiwa limejaa. Kuna korongo moja kule, unashuka, unakata kona, unapanda. Nilishuka vizuri. Katika kupanda nikakata usukani, na gari halikukata. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanagusa ardhi kwa adabu tu. Gurudumu la nyuma likapanda jiwe, kibanda kikayumba, tukalala ubavu. Mlango ulinibana nyonga.

Walionitoa ni akina mama wa Kimaasai waliokuwa wakipita na punda kwenda kuteka maji. Wakanilaza kivulini, mmoja akatumwa akatafute gari. Mama mmoja mtu mzima alibaki analizunguka lile gari kwa utulivu, kama mtu aliyekuja kukagua shamba.

"Baba, hii ni nyumba?"

"Ni nyumba, mama."

"Na wewe umeipakia kwenye matako."

Akaendelea, bila haraka. "Sisi tukihama, punda anabeba nyumba. Fito, ngozi, vibuyu, vyote. Lakini tunaweka karibu na mabega, huku na huku, chini. Ukimwekea matakoni, atakuangalia, halafu atakuangusha. Huyu wako hakukuangalia?"

Wenzake wakacheka. Na mimi ningecheka, kama ningeweza kuvuta pumzi.

Hospitali nilikaa na hilo swali. Gunia tisa za mahindi zinalala chini, na sisi tulizisukuma mpaka zikaegemea kabini. Kibanda kinasimama wima, na uzito wake wote uko mlangoni. Maji tuliyajaza baadaye, hakuna aliyeyahesabu. Watu wazima wanne, na hakuna aliyefikiria jambo ambalo mama yule hulifikiria kila akifunga kamba ya punda.

Nilitoka na fimbo. Kibanda kilikwaruzika tu, ila pikapu haikufaa tena. Baada ya miezi mingi shemeji akaja nyumbani anatabasamu, amepata pikapu nyingine. Nje nikakuta dabo kabini nyeusi, ina ngao kubwa ya chuma mbele. Bodi ni ile ile fupi.

"Dalali yule yule?"

"Amekupa pole sana, shemeji."

"Pole yake ina bodi fupi. Tafuta singo kabini, yenye bodi ndefu."

"Singo kabini nitaenda nayo vipi harusini? Mama na watoto niwapakie wapi?"

"Basi hii iwe ya harusi. Mimi porini siendi nayo."

Aliona natania. Nikamwambia tukiweke kibanda, tujaze maji, gesi, magodoro, twende kwenye mizani ya mnunuzi wa ngano. Lakini kwanza gari lipimwe tupu, magurudumu ya mbele peke yake. Kisha lipimwe limebeba, mbele peke yake tena.

Mzee wa mizani akasoma, akavua miwani, akaivaa, akasoma tena. "Mmepakia mzigo, na mbele pamepungua uzito."

"Mizani yako mbovu," shemeji akasema.

"Wakulima ndivyo wanavyosema, bosi. Na ngano wanaiacha hapa hapa."

Nilijua shemeji amenielewa, na nilijua hatakiri.

Pikapu tuliyoichukua niliichagua mimi. Ni singo kabini, kuukuu, bodi ndefu, ilikuwa ya mkulima wa vitunguu. Mlango wa abiria unafunguka kwa nje tu. Kibanda kiliingia chote, na tangi nililihamishia chini kabisa, nyuma ya kabini. Mizani ikaonyesha mbele pameongezeka. Shemeji akanusa kiti, akasema gari linanuka vitunguu.

Nikamwambia safari ya kwanza tunakwenda wote. Tulipofika lile korongo akaanza kupapasa simu.

"Nishushe hapa, shemeji. Nipige picha unavyovuka, wageni waone."

"Utapiga ng'ambo."

"Shemeji, mimi nina watoto."

"Hata siku ile nilikuwa nao."

Akafunga mkanda. Tukashuka. Katika kupanda nikakata usukani, ukawa mzito mikononi, mzito unaotakiwa, na kila nilipokata gari likakata. Shemeji alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili, midomo inacheza. Tukatoka juu.

Nikasimamisha gari, nikamwambia ashuke apige picha yake. Akahangaika na mlango, ukagoma. Basi ikabidi nichukue fimbo, nishuke mimi, nilizunguke gari lote na nyonga yangu hii, nikamfungulie.