Mgongo wa Mama Kwenye Shuka

Wifi yangu hachori kwa rangi, huchora kwa pasi. Hutandika shuka kuukuu mezani, huipasha pasi moto mpaka iunguze, kisha huitembeza kwa ncha, na kitambaa hubaki na alama za kahawia: mwanamke anafua, mwanamke amechutama mbele ya jiko. Mkono ukisita tu, shuka limeharibika. Mtaani wanamwita Mama Pasi, naye hana habari nao.

Asubuhi ya maonyesho yake ya kwanza alikuwa ukumbini akimalizia shuka kubwa kuliko yote, lenye picha ya mama yangu ameinama anapiga deki. Mimi nilikuwa nimelishika pembe na kulivuta lisijikunje. Kaka yangu, mumewe, akaingia amekunja uso.

"Hilo halipandi ukutani."

"Mume wangu, watu wanakuja sasa hivi."

"Waje wamwone mama yangu kainama kama kijakazi? Likipanda, usirudi kwangu."

Kaka akisema hivyo hatanii. Wifi aliganda, macho kwa mumewe, mkono juu ya pasi. Na mimi mjinga nikamkodolea macho kaka badala ya kutazama meza.

Harufu ya kuungua ndiyo iliyotuzindua. Wifi aliinyanyua pasi, lakini wapi! Kando ya picha ya Mama palikuwa na doa kubwa jeusi. Kazi ya miezi. Akakaa chini akalia. Kaka nilimwona ameshusha pumzi, na hilo lilinikera kuliko vitisho vyake.

Kumbe Mama alikuwa ameshafika mlangoni, na amesikia yote. Alilisogelea shuka, akajitazama.

"Ndivyo nilivyokuwa," alisema. Kisha akamgeukia kaka. "Leo ndiyo unaona haya, mwanangu? Nilipokuwa nainama kweli, wewe unanyanyua miguu nipitishe tambara chini ya kiti chako, haya ilikuwa wapi?"

Kaka alirudi nyuma hatua moja.

"Na huyu asiporudi kwako leo, na mimi sirudi."

"Mama, lakini limeshaharibika," wifi alisema.

"Halijaharibika." Mama aliweka kidole kwenye doa. "Hapa ndipo alipokuwa anakaa mumeo. Huyu ni yeye. Litundikeni."

Mimi na wifi tukashika pembe, tukatafuta viti vya kupandia. Vilikuwa viwili tu, na kimoja kaka alikuwa ameshakikalia.