Kengele Niliyompigia Baba

Baiskeli yangu ya kwanza niliinunua ili baba aache kubeba mzega. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wakisikia kijana wa miaka ile ya hamsini alinunua baiskeli, wanadhani alitaka kuzungukia wasichana. Hilo nalo lilikuwamo, sikatai, lakini halikuwa la kwanza.

Baba alikuwa mkwezi wa minazi katika kijiji chetu, upande wa huku wa Tongoni ukitokea Tanga. Siku moja aliteleza akaanguka, goti la kulia likaharibika, na tangu hapo hakupanda tena mnazi wa mtu. Akabaki kununua nazi kwa wenye mashamba na kuzipeleka sokoni mjini kwa miguu, vikapu viwili vimening'inia kwenye ncha za mti mmoja, mti begani. Huo ndio mzega. Alikuwa akiondoka akishaswali alfajiri na kufika jua limeshapanda, na goti lile akilivuta njia nzima. Mimi wakati huo nilikuwa karani mdogo katika ghala la katani karibu na bandari, nimepanga chumba Ngamiani. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, kivulini, naandika idadi ya marobota, na baba yangu anatembea. Bega lake la kushoto lilikuwa limeota sugu ngumu kama kisigino.

Ilinichukua muda mrefu kuipata ile baiskeli, na sitaki kuueleza. Ilikuwa nyeusi, ina keria pana nyuma, taa ya dinamo na kengele ya duara iliyong'aa hata ukajiona uso. Niliitoa dukani nikiikokota kwa sababu sikujua kuiendesha. Nikapita nayo barabara nzima ya sokoni, nimevaa shati jeupe, naitembeza. Fundi baiskeli niliyemwendea, Mbondei mmoja wa makamo aliyefanyia kazi barazani, aliitazama, akanitazama na mimi, akaniuliza kama inaumwa.

Yule fundi ndiye aliyenifundisha, na alinifundisha kwa matusi ya mtani. Alinipeleka uwanjani jioni kwa jioni mpaka nikaacha kuanguka, kisha akaniingiza barabarani. Alinikataza kuyumba. Alisema dereva wa lori anaweza kumkwepa mtu anayekwenda sawasawa, lakini hawezi kumkwepa mtu anayecheza ngoma. Nishike kushoto, ila nisiende pembeni kabisa kwenye mchanga, maana gurudumu likizama hapo utaangukia katikati ya njia. Breki ya nyuma kwanza, ya mbele baadaye. Nikitaka kukata kulia ninyooshe mkono mapema, siyo wakati nimeshakata. Gari lililosimama nilipite kwa mbali, kwa sababu wenye magari hufungua mlango bila kutazama. Na nisithubutu kushika nyuma ya lori linivute, kama walivyokuwa wakifanya wapakizi wa bandarini wakirudi makwao.

Siku moja aliniona nashuka kumwamkia mzee katikati ya barabara ya bandari, na gari liko nyuma yangu linapiga honi. Aliningoja nifike.

"Nyie watu wa pwani mtakufa kwa adabu," akasema. "Unashukaje upande wa magari?"

"Ni mtu mzima yule, fundi. Nitampitaje niko juu?"

"Gari likiwa nyuma yako, usishuke. Nenda mbele, tafuta mahali pazuri, shuka upande wa kushoto, umngoje hapo. Mzee atakufikia tu."

Kwetu ndivyo ilivyokuwa. Mtu hakumpita mkubwa wake akiwa juu ya baiskeli. Ulipunguza mwendo, ukashuka, ukasimama kando na kutoa shikamoo, ukangoja marahaba, ndipo ukapanda tena. Ikiwa ni mzazi wako, ulimbusu na mkono. Kengele ilikuwa ya mbuzi, kuku, na watu usiowajua. Kumpigia mzazi kengele ilikuwa sawa na kumwambia ondoka njiani, na sikupata kusikia mtu aliyefanya hivyo.

Kabla sijajua kuiendesha, niliikokota baiskeli mpaka nyumbani kijijini ili baba aione. Aliiegemeza ukutani, akachoma ubani, akaisomea dua kuanzia gurudumu la mbele mpaka la nyuma, kisha akapitisha kiganja juu ya keria.

"Hapa ndipo nitakapokaa miye?"

"Ndipo hapo, baba. Na vikapu tutavifunga huku na huku."

"Jifunze kwanza. Ukishajua kujichukua mwenyewe, ndipo utanichukua miye."

Fundi naye alikuwa amesema hivyo hivyo, mwezi mzima peke yangu kabla sijapakia mtu. Nikamwahidi baba kuwa Jumapili ya baada ya mwezi ule nitamchukua twende Tongoni kwa dada yake. Alicheka. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu aanguke.

Jumamosi, siku moja kabla ya hiyo Jumapili, kazi ilimalizika adhuhuri. Makarani wenzangu wawili, nao wana baiskeli, wakataka twende kwenye shamba moja la mkonge njia ya Pangani kutazama mpira. Mmoja wao alikuwa Mlutheri, mwana wa wakulima kutoka milima ya Amani, kijana mpole. Hawa wote walidhani baba yangu ni mwenye shamba la minazi. Sikuwaambia uongo. Niliwaambia tu kuwa baba yuko kwenye minazi, na walipoelewa vibaya nikawaacha waelewe hivyo hivyo.

Tulipotoka mjini lori la katani likatufikia kwa nyuma. Tukafanya kama fundi alivyonifundisha, tukasonga mbele mpaka mahali pazuri, tukashuka kushoto wote watatu, tukasimama kwenye majani mpaka likapita na vumbi lake. Mbele kidogo likakata kuingia shambani. Tukapanda tena. Barabara ilikuwa tupu.

Baada ya kona nikamwona baba. Alikuwa mbele yetu, anarudi nyumbani, mgongo umetuelekea. Vikapu vilikuwa bado vina nazi, maana yake soko lilimkataa siku hiyo. Kanzu ameifunga kiunoni, hana viatu, anachechemea. Nilimjua kwa kile kuchechemea kabla sijamjua kwa kitu kingine chochote.

Nilikuwa na nafasi ya kutosha kabisa. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu nimelieleza vingine kwa watu wengi. Nilikuwa na nafasi ya kupunguza mwendo, kushuka, kumpokea mzega na kuufunga kwenye baiskeli yangu. Badala yake kidole gumba changu kikabonyeza kengele.

Baba akaingia kwenye majani kuwapisha wenye baiskeli. Kisha akageuka. Aliniona, uso ukamfunguka, na mkono wake uliokuwa huru ukaanza kunyanyuka ili nije niubusu. Mimi nikatazama mbele. Nikapita.

Nyuma yangu nikamsikia yule kijana wa Amani, ambaye hakumjua hata kwa jina, akipunguza mwendo na kusema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu," baba akajibu.

Alisema wanangu. Alitujibu sote, na mimi nikiwamo ambaye sikumwamkia. Sikumbuki nani alishinda ule mpira.

Asubuhi yake, Jumapili, nikaenda nyumbani. Njiani nilikuwa na muda wa kutosha wa kutafuta maneno, na maneno niliyoyapata yalikuwa ya fundi. Baba alikuwa amekaa kibarazani anasuka kikapu kilichofumuka. Nikamwamkia, nikabusu mkono, akaniitikia. Nikaanza mwenyewe.

"Baba, jana kulikuwa na lori nyuma yetu. Fundi ametukataza kushuka lori likiwa nyuma."

Akaendelea kusuka ukili.

"Lori," akasema.

"Naam, baba. La katani."

"Basi umefanya vyema kujihadhari."

Nikadhani yamekwisha. Nikamwambia twende, Tongoni wanatungoja. Akaingia ndani, akavaa kanzu safi na kofia, akatoka na bakora yake, akaishika njia kwa miguu. Nikamfuata na baiskeli. Nikamwambia apande. Akasema, "Nenda tu weye, miye nitafika."

Sikuweza kumwacha, na sikuweza kupanda nikampita mara ya pili. Basi nikaikokota. Tulikwenda hivyo hadi Tongoni, yeye na goti lake, mimi na baiskeli yangu katikati yetu, na watu tuliowakuta wakatucheka waziwazi. Mwanamke mmoja alituuliza kama tumeinunua ili tuipungishe upepo. Baba alicheka naye. Mimi nilitamani kuitupa kichakani.

Mambo yakawa hivyo miaka miwili. Nazi alikubali nimpelekee. Nilikuja kila Jumamosi, nikafunga vikapu, nikavifikisha sokoni, na mzega ukakaa darini. Kwa hiyo mtu anaweza kusema baiskeli ilifanya kazi yake. Lakini yeye mwenyewe hakukaa kwenye keria hata siku moja. Hakunikasirikia. Aliitikia salamu zangu, alikula nami sahani moja, aliniombea dua nilipopandishwa kazi. Ningependa kama angenigombeza. Nilikuwa tayari kugombezwa, nilikuwa hata na majibu, na yeye hakunipa nafasi ya kuyatumia. Kila nilipopita ile kona nilishuka nikatembea, hata mvua ikinyesha, kana kwamba kona ndiyo niliyoikosea adabu.

Mwishoni mwa masika ya mwaka wa tatu akashikwa na kichomi. Nikaletewa habari kazini, nikapiga mbio zote, sikuangalia kushoto wala kulia. Nilipofika ilikuwa asubuhi bado, chumba kimejaa. Shangazi yangu wa Tongoni alikuwa amekaa kichwani pake, na majirani wako ukutani na mlangoni. Shangazi akanivuta karibu.

"Muombe radhi babako," akaninong'oneza, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

Kwetu hili halina mzaha. Mtoto aliyeachwa na mzazi bila radhi, watu humwogopa, na yeye mwenyewe hujiogopa. Nikapiga magoti, nikaushika mkono wa baba. Ulikuwa wa moto na mwepesi.

"Baba, nakuomba radhi."

Akafumbua macho. Alinitazama kwa muda, akinijua vizuri kabisa.

"Radhi ya lipi, mwanangu?"

Nilikuwa nalo ulimini. Lakini majirani walikuwa wananitazama, na shangazi ananitazama, na mimi karani wa mjini, ambaye kila mtu pale alinitoa mfano kwa watoto wake kwa jinsi nilivyombebea baba nazi. Nikasema, "Ya yote, baba."

Akangoja. Pumzi ilikuwa inamwuma, niliona, lakini akaivuta tena.

"Siku ile njiani. Lori lilikuwapo?"

Hakuna aliyejua anauliza nini isipokuwa mimi. Ningeweza kusema halikuwapo, na watu wale wasingeelewa hata neno.

"Lilikuwapo, baba," nikasema.

Akafumba macho, akatikisa kichwa kukubali. "Basi nimekuwia radhi," akasema. "Duniani na akhera." Akaomba maji. Shangazi akampa kwa kijiko, akilia kwa furaha, na watu wote wakasema alhamdulillahi. Alikufa kesho yake kabla ya adhuhuri.

Shangazi alilisimulia jambo hili mpaka naye akafa, jinsi ndugu yake alivyomwachia mwanawe radhi kwa kinywa chake mwenyewe, na watu waliniambia nina bahati. Nilikuwa nikiitikia. Lakini baba alikuwa na miguu yake kwenye barabara ile, Jumamosi ile, anakwenda tulikokuwa tunakwenda. Kama lori lingekuwa nyuma yangu, baada ya kunipita mimi lingempita na yeye, na kumfunika vumbi. Alijua tangu dakika ile kuwa halikuwapo. Alijua Jumapili aliponiambia nimefanya vyema. Aliniuliza tena akiwa na pumzi chache ili niseme kweli angali anasikia, na mimi nikamjibu lilikuwapo.