Utumbo wa Arusi ya Mkongo

Mpaka leo nikipita mbele ya bucha asubuhi, kabla hawajamwaga maji sakafuni, harufu ya utumbo hunirudisha kijijini Mkongo, nikiwa na miaka tisa, nimechuchumaa nyuma ya jiko la arusi na kisu mkononi. Ni harufu ya majani yaliyochacha na mavi mabichi, yenye joto, na ukishaivuta haikutoki puani siku mbili. Mnisamehe kama mnasoma huku mnakula.

Tulikuwa tumetoka Kibiti, mimi na Bibi Somoe, mama yake mama yangu, kwenda kwenye arusi ya ndugu zake. Hata maji ya kunywa hatujapewa, mwenye shughuli, Mama Mwajabu, akatuletea beseni la utumbo lililojaa nzi.

"Shangazi, kazi yako hiyo," alimwambia bibi kwa adabu kabisa. "Na huyo mjukuu ajifunze."

Nikapasua tumbo la ng'ombe, uji wa kijani ukanirukia mdomoni, nikatapikia gauni langu la Idi. Bibi akanifuta kwa mkono uleule wenye mavi, nikatapika tena. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Pole, mke mwenzangu."

"Kwa nini sisi, bibi? Wenzetu wanakata vitunguu."

Akanisimulia huku anakwangua, bila kuniangalia.

Bibi yake yeye aliitwa Nambewe. Alifika Mkongo kabla Mjerumani hajaja, msichana wa miaka kama kumi na minne, kakimbia vita huko kusini. Mama yake alimfia njiani. Wenyeji walimpokea, na mpaka leo ukoo unajisifia wema huo. Jina lake hawakutaka kulijua; wakamwita Mkuja, kwa kuwa ni mtu wa kuja. Wakamweka dunguni, kile kibanda kirefu cha miti katikati ya shamba, alinde mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Chakula akipelekewa kwenye kifuu cha nazi, asije akashika vyombo vyao.

"Halafu kijana wa nyumba ile akampenda," bibi alisema. "Akamwoa. Lakini mama mkwe hakula alichopika hata siku moja. Alisema mikono ya mtu wa kuja haijulikani imeshika nini. Ila utumbo aliruhusiwa kusafisha. Mbuzi wa arusi yake mwenyewe, utumbo wake alisafisha yeye, asubuhi ile ile, na hina mkononi."

"Ulimwona?"

"Nilimkuta mzee. Alipokufa kazi akaachiwa mama, kisha mimi. Hakuna aliyetuita kikao. Beseni linakuja tu."

Mchana masinia ya pilau yakatoka. Nikakimbilia la wasichana wenzangu. Mmoja akaziba pua. Mama Mwajabu akanishika bega taratibu. "Kale na bibi yako, mwanangu. Mnanuka." Basi tukala wawili, pembeni ya kuni, tukiwatazama wakinywa mchuzi wa utumbo ule ule na kulamba vidole mpaka kwenye viganja. Nilichefukwa kuliko asubuhi. Niliwachukia wote, na midomo yao iliyong'aa mafuta.

Ningependa kuishia hapo, maana hapo mimi ni mtu mwema.

Jioni, garini, bibi alitoa andazi akanimegea. Nikaangalia vidole vyake. Chini ya kucha palikuwa na mstari wa kijani.

"Nimeshiba," nikasema, na tumbo linanguruma.

Akanitazama kidogo. Akalifunga andazi kwenye upindo wa kanga, kisha akaificha humo mikono yote miwili mpaka tukafika Kibiti.

Wakati ule niliona nimeokoka tu. Nilikuwa nimeshakuwa mama, na bibi yuko kaburini, nilipoelewa nilichofanya. Asubuhi alikuwa amenipa jina la kweli la Mkuja, jina ambalo hakuwahi kumpa hata mama yangu, akidhani kwangu liko salama. Kabla jua halijazama nikamwekea bibi mpaka uleule wa kifuu cha nazi, mimi, damu yake, nisiyefundishwa na mtu. Wale wa Mkongo aliwazoea. Nadhani kwangu mimi hakutegemea hilo.