Pete ya Moshi Yenye Mkia

Watu wa milima ya Bungu wana tabia yao: kabla mtu hajaingia shambani kuchuma chai, anatazama kwanza bomba la moshi la kiwanda. Likitoa moshi, anachuma. Likiwa kavu, anarudi zake jikoni, maana majani mabichi hayamngoji mtu. Soko la chai lilipofunguliwa kwa kila mnunuzi na kiwanda cha pili kikajengwa ng'ambo ya bonde, mambo yakawa magumu zaidi. Bomba likizimika asubuhi moja tu, majani yote yanavuka bonde.

Ulimboka ndiye aliyekuwa akichochea tanuri la kile kiwanda cha kwanza. Mnyakyusa wa Tukuyu, alikuja Usambara na mkataba wa miezi sita, akamwona Raheli, binti wa Kishambaa, mkataba ukageuka miaka ishirini na minne. Raheli naye alifanya kazi hapohapo, chumba cha kukaushia chai. Kati ya mgongo wake na tanuri la mumewe palikuwa na ukuta mmoja wa matofali, na ukuta huo ndio uliomkosesha Ulimboka usingizi mwaka ule wa mvua za El Nino.

Kisa chenyewe kilikuwa bamba. Ndani ya bomba mlikuwa na bamba la chuma, linainuliwa na kushushwa kwa mnyororo ili moto upate hewa au upungue. Meneja mpya, Danieli, kijana aliyeletwa na kampuni iliyonunua kiwanda serikalini, kijana asiyejua hata kumpa mtu mzima shikamoo yake, aliamuru bamba lishushwe nusu. "Moto wote unapotelea angani," alisema. Kuni zenyewe zimelowa chepechepe! Tanuri likakosa pumzi. Gesi ya kuni mbichi ikawa inajikusanya ndani, inalipuka kidogo, pu! na kule juu bomba linatema pete ya moshi.

Jamani, watu walivyofurahi! Wachumaji walisimama na matenga yao mgongoni wakicheka: bomba linavuta sigara! Ulimboka peke yake ndiye aliyeogopa. Alichukua kopo la maziwa ya unga, akatoboa tundu kitakoni, mdomoni akafunga kipande cha tyubu ya baiskeli, akalijaza moshi wa tambara, akagonga. Pete ikatoka. Akagonga tena na tena, mke wake akimwona mwehu. Moshi unapotoka tunduni, wa pembeni unakwama kwenye hewa iliyotulia, unarudi nyuma, unajikunja mpaka duara linajifunga. Ukigonga kidogo, moshi wote unaingia kwenye pete, nayo inaondoka safi. Ukisukuma kwa muda mrefu, pete inajaza tumbo lake mpaka inashiba, na ikishashiba haipokei tena. Inajikata, inakwenda zake, na moshi uliobaki unaburuzika nyuma kama mkia.

Basi akajua cha kutazama. Wiki ya kwanza pete za bombani zilitoka safi. Wiki ya pili, safi. Jumanne ya wiki ya tatu, saa nne asubuhi, alitoka nje kunyoosha mgongo, akainua macho. Pete ikatoka, ikajikata, na nyuma yake ukafuata mkia mrefu kuliko bomba lenyewe. Tanuri lilikuwa linasukuma gesi nyingi kuliko pete moja inavyoweza kubeba, na hakuna aliyejua ni kiasi gani kimebaki ndani.

Alikimbilia mnyororo, akavuta. Wapi! Masizi ya kuni mbichi, mazito kama lami, yalikuwa yamelinatisha bamba. Haliendi juu, haliendi chini. Akakimbia ofisini na kopo lake mkononi, limejaa moshi, mtu mzima wa miaka hamsini.

"Meneja, tuzime tanuri. Tazama." Akagonga kopo. Pete ikaelea juu ya meza.

Danieli alicheka mpaka akakohoa. "Mzee, nizime kiwanda kwa mchezo wa watoto? Moshi ukikatika leo, kesho nani ataleta majani hapa? Rudi kazini kabla sijaweka jina lako kwenye orodha ya wanaopunguzwa."

Orodha hiyo kila mtu aliiogopa, na Ulimboka naye, nisimpambe bure, aliiogopa sana. Alisimama mlangoni. Mara kikaja kishindo kirefu, vioo vya dirisha vikatetemeka. Akilini akamwona Raheli na ule ukuta. Akatimua mbio hadi chumba cha kukaushia.

"Tokeni! Tokeni nje wote!"

"Baba Beatha, umelewa asubuhi yote hii?" Raheli aliuliza.

"Toka, Mama Beatha. Nakuomba."

Wanawake saba wakatoka, nusu wanacheka, wakasimama kwenye manyunyu wamejitanda khanga. Dakika ikapita. Zikapita tano. Kimya. Danieli akafika na mwavuli wake, akamfukuza kazi Ulimboka palepale mbele ya watu, akawageukia wanawake: nani mwingine anataka kwenda nyumbani? Wakatazamana. Raheli akawa wa kwanza kugeuka arudi ndani, uso umejaa aibu. Ulimboka akamdaka mkono.

"Niache! Umeshapoteza kazi yako, unataka na yangu?"

"Sikuachi."

"Watu wanatutazama!"

"Watutazame." Macho yake yalikuwa bombani. Vile vishindo vilikuwa vimenyamaza, na juu bomba halitoi chochote, si pete, si moshi; gesi yote imezibwa ndani. Raheli akavuta, naye akavuta.

Tanuri likapasuka. Mlango wa chuma ulipita katikati ya ukuta ukatua kwenye trei za chai, pale pale anaposimama Raheli kila siku, na matofali yakaufuata. Danieli alijikuta ameketi matopeni, mwavuli umepinduka. Hakuna aliyeumia.

Vumbi lilipotulia, Raheli alisema kwa sauti ndogo, "Niachie sasa, mume wangu. Nimepona." Ulimboka alitaka kumwachia, akashindwa. Vidole vilikataa kufunguka, na ikabidi wanawake wawili wamfungue kimoja kimoja.